Bomba la Tope la Ziwa Jipe

Mama yangu alikandika jiko kwa utafiti wangu wa shahada. Sitii chumvi.

Nilikuwa nimerudi kutoka Ziwa Jipe na bomba refu la plastiki lililojaa tope la chini ya maji, tabaka juu ya tabaka, jipya juu, la kale chini. Mabomba mengine yalikuwa yamepasuka, hivyo nilikuwa na hilo tu. Nikalisimamisha nyuma ya jikoni kwetu Mata, nikaenda Taveta kutafuta gari la kunipeleka Nairobi. Kurudi, tope la juu halipo, jiko limelainika, na mama ananawa mikono.

"Udongo mzuri hivi unaacha ukauke nje?" akaniuliza. "Na akina mama wa kanisa wanakuja kesho."

Nilichemka, nikazunguka boma nikibwata peke yangu. Kisha nikaona ubavuni mwa bomba alama ya kalamu niliyochora pale tope lilipoishia juu kabla halijachotwa, nikapata matumaini.

Mataifa makubwa yalipokuwa yakijaribu mabomu ya nyuklia, vumbi lenye mionzi lilisambaa duniani na kushuka na mvua. Wataalamu wanaotoboa barafu ya milimani wakikuta tabaka lenye mionzi hiyo hafifu, wanajua theluji ile ilianguka miaka gani. Nilitaka tabaka hilohilo kwenye tope letu, na umbali wake hadi kwenye alama yangu. Ila kama mama alichota hadi kwenye tabaka hilo, shahada yangu ilikuwa inapikiwa ugali.

Katika maabara ya Nairobi tulikata tope vipande vyembamba, tukavikausha, tukaviingiza kimoja kimoja kwenye mashine ya kupima mionzi. Kipande baada ya kipande, patupu. Halafu mstari kwenye skrini ukaanza kupanda, ukapanda tena, nami nikaruka hadi kiti kikaanguka. Sijawahi kufurahi vile.

Nikampigia mama papo hapo.

"Nimeipata mionzi ya mabomu, mama! Iko chini sana kuliko nilivyodhani. Ni ya wakati ulipozaliwa."

"Na hiyo tope yote iko juu yake?"

"Imesombwa na mvua hadi ziwani tangu uzaliwe."

"Basi hiyo si tope ya ziwa," akasema. "Hiyo ni shamba yetu."