Likizo Yetu ya Al Wakrah

Mdogo wangu alikuja Doha kwa kunifuata mimi. Nilikuwa muuguzi, nikiishi na wauguzi wenzangu. Yeye alipata kazi ya ndani Al Rayyan, kwa familia yenye watoto wengi na bibi aliyekuwa hawezi kuinuka kitandani. Mji wenyewe si mkubwa, lakini tulionana kwa nadra, tena pale getini tu, nikimpelekea sabuni na dawa ya mgongo.

Idi kubwa ilipokaribia nilimpigia simu mwajiri wake, nikamwomba ampe ruhusa apumzike. Alikataa. Baadaye familia ilipoamua kwenda kwa ndugu zao, na bibi wakamchukua, mwajiri akanipigia mwenyewe kusema nimchukue mdogo wangu kwa siku mbili.

Nikakodi kijumba huko Al Wakrah, karibu na bahari. Kilijengwa uani mwa nyumba kubwa, kwa ajili ya dereva, na sasa mwenye nyumba alikuwa akiwapangisha watu wa likizo. Ndani ya teksi nilimweleza mdogo wangu mipango yangu yote: ugali kwa samaki, usingizi mpaka tuchoke, matembezi ufukweni. Alinisikiliza huku akitazama barabara.

Msimamizi, mzee wa Kimisri, alitufungulia, akatuonyesha swichi ya maji ya moto na kwenda zake. Kilikuwa chumba kimoja chenye kitanda kipana, jiko dogo pembeni, na dirisha lililotazama ukuta. Kulinuka rangi mbichi. Mimi nilikuwa bado nashusha mifuko, yeye amekwisha kuvua viatu na kuuliza ufagio uko wapi. Nikamwambia pamesafishwa. Alifagia hata hivyo, akapangusa jiko, akaosha vikombe ambavyo hatujavitumia. Chakula kilipoiva alikula amesimama karibu na sinki. Nilipomvutia kiti aliketi ukingoni, kama mtu anayengoja kuitwa.

Jioni tulikwenda baharini. Maji yalikuwa yamekupwa mbali sana, na familia zilikuwa zimetandika mazulia mchangani. Mtoto mmoja alianguka karibu nasi akalia, na kabla sijageuka mdogo wangu alikuwa amemnyanyua. Mama yake alikuja, akamtazama mdogo wangu, kisha badala ya kumpokea mtoto akamnyooshea chupa ya maji na kumwashiria amsafishe miguu. Mdogo wangu akapiga magoti, akamwosha, akamfuta kwa mtandio wake. Yule mama alimchukua mtoto wake akarudi kwenye zulia lao.

Nilikasirika. Nikamuuliza kwa nini hakusema kwamba yuko likizo.

"Ningemwambia nani, dada?" alisema. "Ukinitazama tu, si unajua?"

Hakusema kwa uchungu. Hilo ndilo lililonishinda.

Asubuhi iliyofuata alilala. Alilala fofofo, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilala utotoni, na mimi nikatembea kwa ncha za vidole nikifurahi kwamba hatimaye jambo moja limekwenda nilivyopanga. Alipoamka jua lilikuwa juu. Aliketi kitandani, akatazama huku na huku, kisha akaanza kulia. Nilidhani ameota vibaya. Nilimshika mkono.

"Nirudishe leo," aliniambia. "Mwili ukizoea hapa, kule sitaweza tena."

Nilimkumbusha kwamba nyumba ya mwajiri wake ni tupu, kwamba bado tunayo siku nzima, kwamba samaki wengine wamo kwenye friji. Akaniomba tena, kwa sauti ileile. Kama ningeweza kumtoa kule moja kwa moja ningemtoa, lakini uwezo huo sikuwa nao, na sote wawili tulijua.

Nikaita teksi. Tulifika Al Rayyan mchana. Alifungua kwa ufunguo wa mlango wa nyuma, akaingia, nikasikia maji ya bomba yakianza kutiririka kwenye ndoo.

Mwaka uliofuata nilimpigia tena mwajiri wake kabla ya Idi. Safari hii alikuwa mwepesi, akasema mdogo wangu anaweza kwenda akitaka, ila amekwisha kumuuliza na amesema hahitaji. Nilimshukuru. Idi hiyo niliomba nipangwe zamu zote wodini.