Vichanja vya Miti Midogo

Walisema sitaweza. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alisimama mlangoni akitafuna muwa, akauliza: "Wewe nakaa Nairobi miaka yote hiyo, nasoma mpaka diploma, halafu narudi na miti hata kuku haiwezi lala juu yake?" Majirani wa Mvara, mtaa wetu hapa Arua, wakacheka. Mmoja akaongeza kwamba mtu wa kalamu hajui kushika msumeno, vichanja vyangu vya kupangia miti vitaanguka kabla mvua hazijaisha.

Diploma yangu ni ya bustani za mapambo, na nilijilipia mwenyewe. Miti hiyo, mikwaju na mitini ya vyunguni isiyofika magoti, niliilea kwa mikono hii, nikipunguza mizizi na kukunja matawi kwa waya. Mfanyabiashara mmoja wa Koboko, mtoto wa mwanajeshi, aliahidi kuichukua yote kwa ajili ya nyumba yake ya wageni, akiikuta imesimama sawasawa mvua zikikatika.

Nilijenga nyuma ya nyumba kwa mbao za mkaratusi, ngazi tatu, kila ubao na nafasi ya kupitisha maji. Arua nzima huoni meza iliyonyooka vile. Miguu nikaipaka oili chafu ya gari, kama wafanyavyo wote hapa, na ua ukanuka gereji.

Mchwa hawakujali. Asubuhi moja niligusa mguu wa kichanja, kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowa. Wakanimwagikia mkononi, weupe, laini, wakijinyonganyonga. Nilitema mate. Mkwaju wangu mkubwa ulikuwa umeshaanza kuinama.

Nikachukua sururu, nikaenda kwenye kichuguu kilichoko pembeni mwa ua.

"Wacha!" shangazi akapiga kelele. "Hii kichuguu iko ya babu yako. Nani nakupa ruhusa?"

Kwetu kichuguu hurithiwa kama shamba, kwa ajili ya kumbikumbi wake. Nikaweka sururu chini, nimefura kwa hasira. Mvua iliyofuata ilipokatika mchana, watu wakaja kutega kumbikumbi. Walifunika kichuguu kwa blanketi, wakawatafuna wengine wangali hai, na mabawa wakayatemea kwenye vyungu vyangu. Kinyaa kitupu.

Nikaamua kujenga miguu upya kwa matofali ya kuchoma. Yangu niliyofyatua yalikuwa kijijini Adumi, bado mabichi, tanuru halijawashwa. Ikanibidi kuazima kwa walewale watema mabawa, na mengi zaidi kwa shangazi.

Mfanyabiashara alipofika, alikisukuma kichanja kwa bega, kisha akakipiga teke. Hakikutikisika. "Hii iko ngumu kama kambi," akasema. "Kuja Koboko, jenga namna hii." Akapakia miti yote, nami nikaenda nikamjengea.

Tanuru la Adumi lilipopoa, nilizunguka na toroli nyumba kwa nyumba nikirudisha matofali, kichwa juu. Safari hii hakuna aliyecheka. Shangazi peke yake ndiye aliyeyakataa.

"Matofali mimi nayo mingi. Kaa, kula."

Akanisogezea sahani ya kumbikumbi wa kukaanga. Majirani wakakusanyika kutazama. Nilijaza kiganja, nikatafuna. Vijiguu vilinasa kwenye meno, mafuta yao yakanijaa mdomoni, nikameza kwa nguvu.

"Ongeza," akasema.

Nikaongeza mpaka sahani ikabaki na mabawa machache tu.

"Sasa deni imeisha, mwanangu."

Nikasukutua kinywa mara nyingi pale bombani, na Mvara nzima hakuna aliyenidai.