Marehemu Aliyeendelea Kukata Mkonge

Saa mbili asubuhi, Munira Mwinjuma anapangusa daftari la mazishi kwa pindo la khanga, anavaa miwani na kumgeukia mgeni wake. "Kaa vizuri, baba. Leo tunamtafuta babu yako, na mimi sina haraka."

Mgeni ni Fransisko, mwalimu aliyesafiri siku mbili kutoka Kibondo. Babu yake, Enock, aliondoka mwaka 1956 kuja kukata mkonge Korogwe, asirudi. Binti aliyemwacha, Efrazia, sasa ana miaka 76, na tangu utotoni anaitwa mtoto wa mtoro.

"Mama anataka kujua kitu kimoja tu," anasema Fransisko. "Alikufa, au alitutupa?"

Munira, 63, analima mahindi Makuyuni. Baba yake alichimba makaburi ya shamba la mkonge ambalo sasa ni pori, akamwachia madaftari mawili: la mazishi na la kazi. Kwa kuwatafutia watu ndugu zao mshahara hana, mgeni akimwachia elfu kumi, anashukuru. Kati ya makaburi 312, 47 yameshapata ndugu, wengine wametoka Kwamsisi, wengine Songea huko.

Enock hayumo katika waliozikwa. Mwingine angefunga daftari akasema pole. Munira? Thubutu! Anaujua ujanja wa makambini: kila mkata mkonge alikuwa na kipande, kadi ya siku thelathini, na akiugua, rafiki alimfanyia kazi kwa kadi hiyohiyo siku zisimpotee.

Kidole kinasimama. "Deogratius, kazikwa Machi tisa, 1957." Anafungua daftari la kazi, anaangua kicheko. "Na Machi ishirini yuko shambani! Tangu lini maiti akakata mkonge?"

Daftari hilohilo linaonyesha Deogratius alilala chumba kimoja na mtu mmoja tu: Enock. Jina la Enock linakoma Machi tatu, kipande chake kilipojaa.

"Babu yako alifia kwenye kipande cha mwenzake mgonjwa," anasema Munira taratibu. "Wakamzika kwa jina la kwenye kadi. Huyu wa Machi ishirini ni Deogratius mwenyewe, amepona. Kaburi namba 188. Twende."

Hapo kaburini Fransisko anapiga simu nyumbani, anamsimulia mama yake. Sauti ya Efrazia inasikika mpaka alipo Munira: "Alikuwa anamsaidia mgonjwa? Baba yangu? Basi leo napita sokoni polepole, kila mtu anione!"

Munira anafuta machozi, anacheka, anaandika *Enock* kando ya jina la Deogratius.

"Bado 264," anasema, akijipigapiga kifua. "Nataka niwajue wote. Halafu siku yangu ikifika, mniandike jina langu, tena kwa herufi kubwa."