Mke Mwenza wa Waya

Juzi nilifuata barua ya utambulisho ofisi ya serikali ya mtaa, Ukonga. Mbele yangu mke na mume walikaa benchi moja, katikati wameacha nafasi ya mtu wa tatu.

Kumbe wa tatu yupo: mashine ya kuchimba sarafu za mtandaoni. Ruta yao ya intaneti ina tundu moja tu la waya. Mke anafundisha hesabu mtandaoni kwa kompyuta ya zamani, isiyoshika intaneti bila waya. Kila akigeuka, mume keshauchomoa, kauchomeka kwenye mashine.

"Mwenyekiti, ningejua nashindana na mwanamke mwenzangu, ningejipanga. Hili dude linavuma kutwa kama jenereta!"

Mwenyekiti, mzee wa wake wawili, hata hakuuliza sarafu zinachimbwaje. Akanyoosha vidole viwili. "Wekeni zamu. Siku mbili kompyuta, siku mbili mashine. Mbona mie naishi hivyohivyo?"

"Ahsante sana, mzee," mume akawahi.

Mke akajifunga khanga upya, taratibu. "Nimekubali. Ila kwa wake wenza, mwenye zamu ndiye anayepika. Siku ya mashine, baba watoto atakula kwa mashine."

"Hiyo ndiyo sheria yenyewe," akasema mwenyekiti, wala hakucheka.

Vijisanduku vya kugawa tundu moja la waya kuwa mengi vimejaa tele Kariakoo. Nilitaka kumnong'oneza yule bwana. Lakini ile ahsante yake ilikuwa na haraka mno; nikamwacha akaonje kwanza mapishi ya bi mdogo.