Bomba la Stoo ya Mama Deki

Dada yangu wanamwita Mama Deki, na mtu asije akadhani ni kejeli. Miaka kumi na tisa amepiga deki kwenye kituo cha utafiti kule juu msituni, na kwa masikio hakuna mtaalamu aliyemfikia. Ndege wetu wale wasiopatikana kwingine duniani, akimsikia mmoja tu atakwambia ni dume au jike, ameshiba au ana njaa. Hiyo ya njaa nadhani anatia chumvi.

Mwaka huu ikaja barua kutoka makao makuu. Kama yule chura mdogo wa manjano, aliyepotea miaka sita, hataonekana kabla ya mwisho wa mwezi, kituo kinafungwa. Daktari, mkuu wa kituo, akawa anaingia msituni kila alfajiri na kurudi saa nne, matope hadi magotini, mikono mitupu. Dada usingizi ukampaa.

"Nikitolewa pale nitakwenda wapi, mdogo wangu? Nyumbani kwangu vyumba viwili tu, nitadeki mara ngapi?"

Mimi ni fundi bomba. Katikati ya balaa hilo akanipigia simu, eti bomba la stoo linadondosha. Nikaenda, nikabadili raba. Kesho yake: "Bado! Tik, tik-tik, kila nikimaliza kudeki." Nikabadili bomba zima. Siku ya tatu akaniuliza mbele ya dereva na mpishi, "Wewe ni fundi kweli, au spana umeiokota njiani?" Mpishi alicheka mpaka akashika ukuta.

Jamani, mimi nina jina mjini! Siku ya mwisho ya mwezi nikapanda huko alfajiri, nimevimba kwa hasira. Nikafunga koki kuu, nikafungulia mabomba yote mpaka yakakauka.

"Haya, dada, sikiliza ufundi."

Tukanyamaza. Tik. Tik-tik.

Dada akaweka kidole mdomoni, akavua kandambili, akanyata hadi kwenye ndoo na kuinua tambara la deki polepole. Chini yake amekaa chura, manjano tupu, hazidi ukucha wa kidole gumba, koo linapanda na kushuka. Tik, tik-tik. Kumbe bwana mkubwa anaimba stoo saa ile ile Daktari anamtafuta porini! Msituni dada angemtambua mara moja. Ndani ya kuta za saruji akaniita mimi nije kumkaza kwa spana.

Daktari aliporudi alipiga magoti kwenye sakafu mbichi, na suruali yake wala hakuijali. Akampiga picha, akampima, akakimbilia simu. Sisi tukabaki kwenye korido. Dada alikuwa amenishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi, na safari hii hakunitania hata kidogo.

Mlango ukafunguliwa. "Hakifungwi," Daktari akasema.

Dada akamtazama kama hakusikia vizuri, yeye na masikio yake yote. "Kwa hiyo... kesho nije?"

"Kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo!"

Dada akajifunika uso kwa kanga akalia kwa furaha, na mimi, mwanaume mzima na spana mkononi, nikalia naye.