Gunia la Viazi Kwenye Kiti cha Mtoto

Siku tatu baada ya msichana mmoja kurushwa kutoka kwenye rola kosta, ile mashine ya viti vinavyokimbia relini, nilianza kuifungua nati moja baada ya nyingine, kwa hasira za mtu anayetaka kuonyesha kwamba hana makosa. Bustani yetu ya michezo iko nje kidogo ya mji wa Meru, na mimi ndiye fundi wake. Kwenye kona ya mwisho, chuma kinachomshika abiria mapajani kilifunguka, msichana akaangukia nyasi na kuvunjika mkono.

Mtu wa kulaumiwa alikuwa ameshapatikana. Mama mmoja wa Karurumo, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafungia abiria vyuma hivyo, alifukuzwa siku hiyo hiyo. Mwenye bustani aliniuliza, "Fundi, ni mashine ama ni mtu?" Nikajibu bila hata kufikiri, "Mashine nimepima mwenyewe, bosi. Ni mtu." Mama alikuwa amesimama hapo hapo. Alisema mara moja tu, "Mimi nilifunga hiyo chuma. Nilisikia ikilia." Kisha akavua aproni, akaikunja vizuri na kuiweka kwenye kiti.

Mkaguzi wa kaunti angekuja Ijumaa, na bosi alitaka kufungua Jumamosi kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Niliapa kwamba mkaguzi hataona hata nati iliyolegea.

Kipimo changu nilikuwa nakionea fahari. Kabla ya kila likizo niliazima kwa jirani yetu, mchuuzi wa viazi vya Timau, magunia ya kujaza viti vyote. Si magunia ya kawaida, ni lumbesa, yale yanayojazwa hadi yanashonewa kofia juu, ambayo wanaume wawili huyainua wakitukana. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu kwamba chuma kikishika lumbesa, mtoto ni nini? Wakacheka, nami nikacheka zaidi yao. Tukimaliza, viazi vilienda sokoni kana kwamba havijawahi kupanda rola kosta.

Basi nikayapandisha tena. Jumanne yalizunguka kutwa nzima na hakuna chuma kilichofunguka. Jumatano vilevile. Kila raundi iliyopita salama ilinithibitishia kwamba yule mama alisahau, na sitaficha, nilifurahi.

Alhamisi baada ya chakula niliwasha mashine tena. Kwenye kona ile ile nikasikia mlio, chuma cha kiti cha tatu kikaruka juu, gunia likapinduka, na viazi vikatapakaa nyasini. Nilizima kila kitu na kukimbia. Hata ukihesabu vilivyomwagika, gunia lilikuwa limepungua nusu. Nikaenda jikoni moja kwa moja nikifoka.

"Nani ameguza magunia yangu?"

"Ni mimi," mpishi akasema, akiendelea kuponda viazi vya mukimo. "Tumekuwa na wageni wa kanisa, na ni wengi. Nimetoa tu kidogo. Kwani gunia itakushtaki?"

Nilikuwa na matusi tayari mdomoni. Lakini nilipotazama sufuria yake ndipo nilipoelewa.

Chuma cha mapajani hushikwa na kipande chenye meno sita. Mtu mnene akikaa, chuma kinakomea kwenye jino la kwanza au la pili. Mtoto mwembamba akikaa, kinashuka hadi la tano au la sita. Lumbesa zangu zilikuwa nene kuliko mtu yeyote aliyewahi kulipa tikiti kwetu. Kwa hivyo nilikuwa nikipima meno ya juu, yasiyotumiwa na mtoto yeyote, huku meno ya chini, ambayo watoto walifungiwa kila siku, yakilika. Gunia lililopunguzwa na mpishi ndilo la kwanza kuwa jembamba kama mtoto, na chuma kikashuka hadi huko chini. Nilifungua kipande cha kiti cha tatu, kiti cha yule msichana, nikapitisha kidole. Meno mawili ya mwisho yalikuwa laini. Chuma kingeweza kulia vizuri kabisa kinapofungwa, kisha kisishike.

Nilikaa kwenye nyasi kati ya viazi. Niliona haya hadi masikio yakawaka. Ningeweza kubadilisha kipande kile kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Mama angebaki mzembe nami ningebaki fundi hodari.

Ijumaa niliwaambia bosi na mkaguzi wakiwa pamoja, nikiwa nimeshika kile chuma kilicholika.

"Wewe unajiharibia jina," bosi akasema.

"Nimeshaharibu la mtu mwingine. Andika, bwana mkaguzi. Mama alifunga. Kipimo changu ndicho kilikuwa kibovu."

Hatukufungua Jumamosi. Tuliagiza vipande vipya vya viti vyote, nikashona vifuko vya mchanga, nikavipima kwenye mizani ya duka la mbolea, kimoja kizito kama mtoto wa darasa la kwanza, kingine kama wa darasa la nne. Nikavizungusha siku nne. Kila baada ya raundi kumi nilisimamisha na kupapasa meno yote kwa kidole, na bosi alipokuja kuuliza "bado?" nilimjibu "bado" bila kugeuka.

Kisha nikaenda Karurumo. Nilimkuta mama akichuma kahawa. Nilimweleza yote, nikamwomba msamaha, nikamwambia kazi yake ipo. Mikono yake haikusimama.

"Kumbe umejua," akasema. "Mimi nilijua hiyo siku. Unajua kanisani nilikuwa nafundisha watoto wa Sande skulu? Walininyang'anya. Walisema mtu ameangusha mtoto wa wenyewe hawezi kupewa wengine. Sasa unakuja kuniambia mimi, huku kwa kahawa?"

"Nifanye nini, mama?"

"Kuja Jumapili."

Nilienda. Sikumjua mtu mwingine yeyote katika kanisa lile. Matangazo yalipofika, mchungaji akaniita mbele. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kuhusu meno na vyuma, yote yakanitoka akilini. Nikasema, "Huyu mama alifunga. Mimi ndiye niliyesema hakufunga, na nilisema uongo bila kujua."

Mama alikuwa benchi ya tatu. Hakunitazama hata kidogo. Aligeuka polepole, akawatazama wenzake, wale waliomnyang'anya darasa, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.