Majibu Yaliyokaa Vidoleni

Kitu cha kwanza ambacho mtu huona kwa Kinyozi ni vidole vyake. Havitulii. Akisubiri chai ipoe, vinakata hewa. Akizungumza na jirani, macho yako kwa jirani lakini vidole vimeshapanda kisogoni mwa mtu asiyekuwapo. Mkewe huapa kwamba hata usingizini anaunyoa mto.

Ameishi nchi hii tangu ujana wake. Ameoa hapa, amezaa hapa, na njia ya kwenda kwao alikozaliwa ameshaisahau. Lakini kibali chake bado ni cha mgeni, na wanawe, raia wote kupitia mama yao, humtania wakati wa kula: "Mpeni mgeni wetu kiti." Hucheka nao, kisha huinamia sahani, na kicheko huisha kabla ya chakula. Ndiyo maana mwaka huu aliamua kuomba uraia. Kilichobaki kilikuwa mahojiano: afisa angemuuliza kuhusu katiba, bendera na bunge, naye ajibu papo hapo.

Darasa lake lilikuwa ndani ya kibanda chake cha kunyolea. Mwalimu mstaafu, mteja asiye na unywele hata mmoja wa kukata lakini aliyekuja kila wiki kupigwa brashi, alimfundisha katiba yote. Wateja wengine walidakia. Mashine ikilia, Kinyozi alijibu kama redio, na Mwalimu akatangaza kuwa mwanafunzi ameiva.

Nyumbani wakafanya jaribio. Kaka wa mkewe, mlinzi wa benki, alichaguliwa awe afisa kwa sababu ya uso wake, unaowafanya hata wenye pesa zao wajihisi wezi. Akaketi nyuma ya meza, akakunja ndita, akauliza ni nani hutunga sheria.

Kinyozi akatoa macho. Vidole vikaanza kukata hewa. Akaulizwa rangi za bendera, akataja mbili, kisha akakitazama kitambaa cha meza kana kwamba kingemnong'oneza ya tatu.

"Shemeji," mlinzi akasema, "dada yangu ulimposa vipi, kwa ishara?"

Kinyozi hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba labda yeye ni wa kuitwa mgeni mpaka kaburini. Mkewe alikuwa akivitazama vidole vyake vikitapatapa juu ya meza. Akaenda chumbani, akarudi na mashine na taulo, akamfunga kaka yake taulo shingoni.

"Haya, muulize tena."

Mashine ikalia, na majibu yakamwagika: bunge, rangi zote, katiba ibara kwa ibara. Shemeji aliuliza kwa furaha mpaka akahisi upepo utosini. Alikuja na nywele za kutosha, akaondoka na upara, akilalamika njia nzima kwamba amekitoa mhanga kichwa chake kwa taifa na hakuna atakayempa nishani.

"Sasa, baba watoto," mkewe akasema, "afisa huwezi kumnyoa."

Wakatafuta kichwa mbadala. Walijaribu tikiti maji, likamponyoka. Walijaribu kitasa cha mlango, akaonekana kama mtu anayetaka kutoroka. Mwishowe mke akaelekeza kidole kwenye goti la Kinyozi mwenyewe: ni la mviringo, lina upara, na haendi popote bila hilo. Kinyozi akalishika chini ya meza, akalipapasa taratibu kutoka kisogoni hadi kwenye paji. Majibu yakaja, kwa kusuasua, lakini yakaja.

Leo yuko na mkewe kwenye benchi la ofisi ya uhamiaji, suruali imenyooshwa, mkono juu ya goti. Mzee aliyeketi kando anamuuliza kama goti linamsumbua.

"Hapana, mzee wangu. Linanisaidia."

Mlango unafunguka, afisa anatoa kichwa na kumwita mzee. Kinyozi anaona mara moja: nywele za afisa za upande wa kushoto zimekatwa juu kuliko za kulia. Vidole vinaruka. Mkewe anavidaka, anavirudisha gotini.

"Utamwambia ukishakuwa raia," anamnong'oneza.

Mzee anatoka akitabasamu. Mlango unabaki nusu wazi, na ndani karatasi zinapekuliwa. Anayefuata ni yeye.